Nozeli na Joto la Nyumba: Historia ya Vichomeo vya Mafuta Kaskazini-Mashariki mwa Marekani

Katika majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kuanzia Maine hadi Pennsylvania, baridi huanza kuuma kabla ya mwaka kwisha na huendelea hadi Machi au Aprili, na nyumba isiyopashwa joto katika kipindi hicho hupasukiwa na mabomba ya maji na kuhatarisha maisha ya wazee na watoto waliomo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, joto hilo lilitoka katika mashine iliyofungwa kwenye chumba cha chini ya nyumba: tanuri, ambalo hupasha hewa na kuisambaza vyumbani, au boila, ambayo hupasha maji au kuyageuza kuwa mvuke. Mbele ya tanuri au boila hiyo hufungwa kichomeo, yaani mashine ndogo ya umeme inayosukuma mafuta, kuyachanganya na hewa na kuyawasha. Na kwenye ncha ya kichomeo hukaa nozeli, kipande cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba na tundu jembamba mno, ambacho kazi yake ni kuyapasua mafuta yawe ukungu unaoweza kuwaka. Historia ya nishati kwa kawaida husimuliwa kupitia visima, meli na mabomba makubwa, lakini historia ya joto la nyumbani haieleweki vizuri bila kukiangalia kipande hiki kidogo, pamoja na fundi ambaye kila mwaka alikifungua, akakitupa na kufunga kingine kipya kilichoifaa nyumba ile.

Kabla ya mafuta, nyumba za eneo hilo zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, hasa anthrasaiti, ambayo ni makaa magumu yenye moshi kidogo yaliyochimbwa kaskazini-mashariki mwa Pennsylvania, katika mabonde yenye miji ya Scranton na Wilkes-Barre. Makaa hayo yaliwaka vizuri, lakini yalimtaka mwenye nyumba aamke alfajiri kuchochea moto, abebe makaa kwa sepetu na kuondoa majivu, na asiende mbali na nyumba kwa muda mrefu wakati wa baridi. Zaidi ya usumbufu huo, upatikanaji wake ulitegemea amani kati ya wachimbaji na wenye migodi, na amani hiyo ilivunjika mara kwa mara. Mgomo wa 1902 ulidumu zaidi ya miezi 5 na kumlazimu Rais Theodore Roosevelt kuingilia kati. Mgomo wa 1922 uliwaacha wengi wakiingia majira ya baridi bila akiba. Na ule ulioanza Septemba 1925 haukwisha hadi Februari 1926, yaani ulimeza karibu msimu wote wa baridi. Wachimbaji walikuwa na madai ya haki kuhusu ujira na usalama wao, lakini kila mgomo uliwafundisha wateja wa mijini kutafuta nishati nyingine, na wengi waliohamia kwenye mafuta au gesi hawakurudi tena kwenye anthrasaiti.

Mafuta nayo hayakuwa tayari kutumika nyumbani kwa urahisi. Mafuta mazito hayawaki yakiwa majimaji, kwa sababu kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na ili mvuke huo upatikane haraka ni lazima mafuta yapashwe joto sana au yapasuliwe kuwa vitone vidogo sana, ili sehemu kubwa ya mafuta iguswe na hewa na joto kwa wakati mmoja. Viwanda, meli na reli zilikwisha kulitatua tatizo hilo katika karne ya 19 kwa kutumia nguvu ya mvuke. Katika Dola ya Urusi, ambako visima vya Baku vilizalisha masalia mengi mazito baada ya mafuta ya taa kutolewa, mhandisi Vladimir Shukhov alipata hataza mwaka 1880 ya kifaa kilichopasua masalia hayo kwa mvuke, na treni za huko zikaanza kuendeshwa kwa mafuta hayo. Njia hiyo iliifaa sehemu yenye boila kubwa na mtu wa kuisimamia mchana na usiku. Nyumba ya familia haikuwa na mvuke wa kutumia kwa kazi hiyo wala mtu wa kukesha, hivyo ilihitaji mashine inayojiwasha, inayojizima na inayojilinda yenyewe.

Mashine ya namna hiyo iliwezekana tu pale umeme ulipofika majumbani. Katika miaka ya 1920, kampuni nyingi za Marekani zilishindana kuuza vichomeo vilivyokuwa na mota, cheche za umeme na themostati, yaani kifaa cha ukutani kinachohisi joto la chumba na kuiamuru mashine iwake au izimike. Kulikuwa na vichomeo vya bakuli, ambavyo mafuta yake mepesi yaligeuka mvuke kwenye chungu cha moto. Kulikuwa na vichomeo vya kuzunguka, kama vile vilivyouzwa na kampuni ya Timken ya Detroit, vilivyorusha mafuta kuelekea ukuta wa chumba cha moto. Na kulikuwa na vile vya Oil-O-Matic vilivyotengenezwa na kampuni ya Williams huko Bloomington, Illinois, vilivyotumia shinikizo dogo na hewa. Hatimaye kilichoenea kuliko vyote ni kichomeo cha shinikizo kubwa, kwa sababu muundo wake ulikuwa rahisi, sehemu zake zilibadilishika, na kiliweza kufungwa hata mbele ya boila kuukuu ya makaa baada ya kujengewa ndani chumba cha matofali ya kuhimili moto.

Utendaji wa kichomeo hicho unafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake ndimo nozeli ilimopata umuhimu wake. Mota moja huzungusha feni na pampu kwa pamoja: pampu huvuta mafuta kutoka tangini na kuyasukuma kwa shinikizo la ratili 100 kwa kila inchi ya mraba, karibu mara 7 ya shinikizo la hewa ya kawaida, huku feni ikipuliza hewa katika bomba lililoizunguka nozeli. Ndani ya nozeli mafuta hupita kwanza kwenye chujio dogo, kisha huingia katika mifereji myembamba iliyochongwa kwa mshazari, ambayo huyafanya yazunguke kwa kasi kubwa katika kijichumba kilicho nyuma ya tundu. Yanapotoka tunduni bado yanazunguka, hivyo hutanuka kama utando mwembamba wenye umbo la pia, na utando huo hukatika mara moja kuwa vitone. Cheche za umeme wa takriban volti 10,000, zinazorukia kati ya elektrodi mbili zilizowekwa juu kidogo ya ukungu huo, huuwasha. Kwa makadirio yanayotumiwa na watengenezaji wa nozeli, galoni moja ya Marekani, ambayo ni sawa na lita 3.785, hupasuliwa kuwa vitone bilioni 55 hivi, ambavyo nyuso zake zikijumlishwa hufikia karibu mita za mraba 445; na upana huo wa uso ndio unaoyawezesha mafuta kuwaka na kwisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Kwa kuwa kila nyumba ina mahitaji yake, nozeli moja haikuweza kuzifaa zote, na hapo ndipo taaluma ya kuchagua ilipozaliwa. Watengenezaji kama Monarch wa Philadelphia na Delavan wa Des Moines, Iowa, walizipiga nozeli zao chapa yenye mambo matatu ambayo fundi alipaswa kuyasoma kabla ya kuzifunga. La kwanza ni kiasi, yaani galoni zinazopita kwa saa moja kwenye shinikizo la ratili 100. La pili ni pembe ya ukungu, kwa kawaida kati ya digrii 30 na 90. La tatu ni mtindo wa ukungu wenyewe, ambao unaweza kuwa na uwazi katikati, vitone vyake vikiwa vingi pembezoni, au ukawa umejaa vitone hadi katikati. Sambamba na hayo, mafuta yenyewe yaliwekewa viwango na namba, kuanzia namba 1, ambayo ni jamaa ya mafuta ya taa, hadi namba 6, ambayo ni mazito kiasi cha kuhitaji kupashwa joto kabla ya kutumika. Na namba 2, inayokaribiana sana na dizeli, ndiyo iliyokuwa mafuta ya kawaida ya nyumbani. Bila viwango hivyo viwili, cha nozeli na cha mafuta, fundi wa Boston asingeweza kukitengeneza kichomeo kilichoundwa Ohio kwa kutumia sehemu iliyotoka Iowa.

Kila moja ya sifa hizo tatu ilikuwa na athari yake. Pembe ilipaswa kulingana na umbo la chumba cha moto: chumba kirefu na chembamba kilihitaji pembe ndogo ili mwale ufike mbali bila kugusa kuta za pembeni, na chumba cha mraba au cha mviringo kilihitaji pembe pana ya digrii 70 au 80. Pembe isiyofaa iliyatupa mafuta kwenye ukuta kabla hayajaungua, nayo yakageuka masizi na kaa gumu. Mtindo wa ukungu ulipaswa kwenda sambamba na namna hewa inavyotoka kwenye kichomeo, kwani hewa ikiwa nyingi katikati huku mafuta yakiwa mengi pembezoni, moto hutoa moshi hata kama kila kimoja kinatosha. Kiasi ndicho kilichoamua gharama. Galoni moja ya mafuta namba 2 ina nishati ya takriban kilowati-saa 40, kwa hiyo nozeli ya galoni 1.50 kwa saa huwasha moto wa kilowati 60 hivi, nayo ya galoni 0.75 huwasha moto wa nusu yake, ingawa kwa macho vipande hivyo viwili havina tofauti yoyote isipokuwa chapa.

Vita vya Pili vya Dunia viliionyesha Marekani jinsi faraja hiyo ilivyoegemea njia dhaifu. Mafuta ya eneo la kaskazini-mashariki yalisafirishwa kwa meli kutoka Ghuba ya Meksiko, na mwaka 1942 nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli nyingi za mafuta katika pwani ya mashariki. Oktoba mwaka huo serikali ilianza kugawa mafuta ya nyumbani kwa kuponi, wananchi wakatakiwa kushusha joto la nyumba hadi digrii 65 za Fahrenheit, yaani kama 18 za Selsiasi, na wenye boila zilizokuwa za makaa wakahimizwa kuzirudisha kwenye makaa. Bomba la inchi 24 kutoka Texas lililokamilika mwaka 1943, lililojulikana kama Big Inch, lilijengwa ili kuiepuka hatari hiyo ya baharini. Katika uhaba huo nozeli ndogo zilithaminiwa, na mafundi walitumwa kupunguza moto na kuziba mianya ya hewa. Lakini vita vilipokwisha na mafuta kushuka bei, mafunzo hayo yalisahaulika haraka.

Miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa kipindi cha ustawi na pia cha israfu. Nyumba mpya zilijengwa kwa maelfu katika vitongoji, na wauzaji wa mafuta walimpa mteja huduma kamili: lori lililojaza tangi bila kuitwa, mkataba wa matengenezo, na fundi aliyekuja usiku wa manane moto ulipozimika. Ili lori lijue siku ya kufika, wauzaji walitumia hesabu ya siku-digrii, ambayo huchukua wastani wa joto la siku, huutoa katika 65 na kujumlisha tofauti hizo siku baada ya siku, hivi kwamba tabia ya kila nyumba ilijulikana kwa kiasi cha mafuta ilichotumia kwa kila jumla ya siku-digrii. Hata hivyo, uchaguzi wa nozeli katika miaka hiyo uliongozwa na hofu ya malalamiko kuliko na vipimo. Muuzaji aliyefunga nozeli kubwa kupita kiasi hakulalamikiwa na mtu, kwa sababu nyumba ilipata joto upesi. Aliyefunga ndogo aliweza kupigiwa simu siku ya baridi kali kuliko zote. Matokeo yake ni kwamba nyumba nyingi zilikuwa na moto mkubwa kuliko mahitaji yake, kichomeo kikiwaka kwa dakika chache na kuzimika, na kila kilipozimika joto lililobaki katika chuma cha boila lilipotelea kwenye dohani.

Mambo yalibadilika ghafla Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipoweka vikwazo dhidi ya Marekani, na bei ya pipa la mafuta ghafi ikapanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12 ndani ya miezi michache. Maabara ya Taifa ya Brookhaven, iliyoko Long Island katika jimbo la New York, ilianzisha utafiti wa upashaji joto wa nyumba kwa mafuta, na jambo ambalo mafundi makini walikuwa wakilisema likapewa uzito wa vipimo: njia mojawapo ya bei nafuu ya kuokoa mafuta ni kupunguza ukubwa wa nozeli hadi moto ulingane na upotevu halisi wa joto la nyumba. Wakati huohuo vilienea vichomeo vyenye kichwa cha kushikilia mwale, yaani sahani yenye mapezi iliyo mbele ya nozeli, ambayo huizungusha hewa ili ichanganyike vizuri na ukungu wa mafuta na kuubakiza moto karibu na kichwa. Mota zake zilizunguka mara 3,450 kwa dakika badala ya 1,725 za awali, na kampuni kama Beckett, iliyoanzishwa Ohio mwaka 1937, ziliviuza kwa wingi. Kwa kuwa mchanganyiko ulikuwa bora, hewa ya ziada ilipungua, moto ukawa mkali zaidi, na joto lililopotelea nje likapungua.

Kupunguza nozeli, hata hivyo, kulikuwa na mipaka ambayo fundi hakuruhusiwa kuivuka. Nozeli ikiwa ndogo, mifereji yake huwa myembamba na huziba kwa uchafu ambao nozeli kubwa ingeupitisha; msomaji aliyepata kupikia jiko la mafuta ya taa la kupampu anaijua vyema tabia ya tundu dogo linapopata takataka. Aidha, moshi ukipoa kupita kiasi, mvuke wa maji uliomo hugeuka umande wenye asidi unaoila dohani. Kwa sababu hiyo mafundi walijifunza kutumia kanuni nyingine, kwamba kiasi cha mafuta kinachopita huongezeka kwa kipeuo cha pili cha shinikizo: ukitaka kiasi kiwe maradufu, huna budi kuongeza shinikizo mara nne. Nozeli ya galoni 0.85 ikipewa ratili 140 badala ya 100 hupitisha karibu galoni 1 kamili, na shinikizo hilo kubwa huvifanya vitone viwe vidogo zaidi. Ndiyo maana vichomeo vipya hufungwa nozeli ndogo na pampu yenye nguvu zaidi, na ndiyo maana fundi anayebadilisha nozeli bila kupima shinikizo huwa amefanya nusu ya kazi.

Katika historia hii yote, desturi iliyodumu kuliko nyingine ni matengenezo ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida hufanywa kabla ya baridi kuingia. Fundi huzima umeme na kufunga vali ya mafuta, huichomoa nozeli kwa spana mbili, moja ikishika adapta ili isipinde, kisha huitupa na kufunga mpya. Nozeli kuukuu haisafishwi kwa waya wala pini, kwa sababu mkwaruzo usioonekana kwa macho kwenye tundu hutosha kuupotosha ukungu mzima. Hubadilisha chujio, husafisha elektrodi na kupima nafasi yake, hufyonza masizi katika njia za moshi, na huhakikisha kwamba bomba la mafuta halina hewa, kwa kuwa povu la hewa lililonaswa huifanya nozeli iendelee kudondosha mafuta baada ya kichomeo kuzimika na kuacha harufu na masizi. Baada ya hapo huwasha moto na kuupima: mvuto wa dohani, joto la moshi, kiasi cha dioksidi ya kaboni, na weusi wa moshi unaovutwa kwa pampu ya mkono kupitia karatasi nyeupe na kulinganishwa na kipimo cha 0 hadi 9, ambapo fundi bora hulenga 0 au kuikaribia. Mwisho huandika kwenye kadi inayoning'inizwa karibu na boila tarehe, ukubwa wa nozeli, pembe, mtindo na shinikizo, ili atakayekuja baadaye asianze kwa kubahatisha.

Kadi hizo zina thamani hata kwa mwanahistoria, kwani ukubwa wa nozeli unaopungua mstari hadi mstari ni kumbukumbu ya bei, ya teknolojia na ya ujuzi wa watu ambao majina yao hayakuingia vitabuni. Ujuzi huo ulihitajika hasa kwa mambo yanayokwenda kinyume na matarajio. Mafuta ya tangi lililoko nje yanapopoa na kuwa mazito, mtu angedhani yatapita kidogo zaidi kwenye nozeli; kumbe hupita mengi zaidi, kwa sababu hayazunguki kwa kasi ya kutosha, uwazi wa hewa ulio katikati ya tundu hupungua, na utando unaotoka huwa mnene wenye vitone vikubwa visivyoungua vizuri. Usalama nao uliendelea hatua kwa hatua: kidhibiti cha zamani kilichokaa kwenye bomba la moshi na kusubiri joto kilichelewa kugundua kwamba moto haukuwaka, na nafasi yake ikachukuliwa na seli ya kadimiamu inayouona mwanga wa moto na kuisimamisha pampu baada ya sekunde chache. Mwenye nyumba anayebonyeza tena na tena kitufe cha kuanzisha mashine iliyojizima hujaza mafuta mabichi katika chumba cha moto, na ajali nyingi zimetokana na kosa hilo.

Leo vichomeo hivyo vinapungua. Norway ilipiga marufuku matumizi ya mafuta ya petroli kupasha majengo joto kuanzia mwaka 2020. Majimbo mengi ya kaskazini-mashariki mwa Marekani yamepunguza salfa katika mafuta ya nyumbani hadi sehemu 15 kwa milioni na yanachanganya mafuta ya mimea. Na Maine, jimbo linalotegemea mafuta hayo kuliko mengine yote nchini humo, limefunga zaidi ya pampu-joto 100,000 zinazotumia umeme. Hata hivyo, mamilioni ya nyumba bado hupata joto lake kwa mwale unaotoka kwenye nozeli. Katika miji ya Maine ya Portland na Lewiston wanaishi sasa wahamiaji wengi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na jamii za Wabantu wa Somalia, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili waliozaliwa mahali ambapo nyumba haikuhitaji kupashwa joto, na ambao wamejikuta wakiishi juu ya mashine ambayo hawakurithi maarifa yake.

Kwao, na kwa yeyote anayeishi katika nyumba ya namna hiyo, mafunzo ya karne nzima ni machache na yako wazi. Mwite fundi mwenye leseni kila mwaka kabla ya baridi. Mtake aandike kwenye kadi nozeli aliyoifunga na vipimo alivyovipata. Usikubali nozeli kubwa kwa ahadi ya joto la haraka, wala usibadilishe ukubwa wake bila vipimo. Na kichomeo kikijizima mara ya pili, usikibonyeze tena, bali piga simu.